Uliza Bi Mwalimu: Wameniambia niandike kuhusu mimi mwenyewe

Assalam aleikum wasomaji wangu wa Amu, yaani Lamu, wa Malindi na kote mliko. Mwezi huu simu imejaa barua za vijana walioingia chuo mwaka wa kwanza, wazazi wao pia wamo, na karibu wote wanalia na kitu kimoja: lile somo la uandishi ambalo kila mtu lazima alifanye hata kama anasomea uhandisi, na ile kazi ya kuandika insha kuhusu wewe mwenyewe. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

*

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni kijana wa Matondoni, niko chuo Marekani, jimbo la Minnesota. Huku kuna kozi ya komposisheni, yaani uandishi wa insha, hakuna wa kuikwepa. Kazi ya kwanza tuliambiwa tuandike insha binafsi ya maneno 1000 kuhusu mtu aliyetufanya tuwe tulivyo. Nikaandika kuhusu baba yangu ambae ni fundi wa majahazi. Nimeanza hivi, "Baba yangu ni mtu mwenye bidii, na upendo wake ni bahari isiyokauka." Nikaweka methali, nikaeleza vile ametulea kwa taabu. Profesa ameirudisha na ameandika pembeni, "Hapa sikuoni wewe, na baba yako pia simuoni." Kurasa nne zote zinamuhusu baba, vipi hamuoni? Na KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, nilipata A ya Kiswahili.

Marahaba mwanangu, na hongera kufika huko. Hayo maneno ya profesa usiyachukue kama matusi, amekusoma kwa makini na amekuambia kitu ambacho wengi hawapati mtu wa kuwaambia.

Hebu tuangalie ulikotoka. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili KCSE ni insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, kila moja isipungue maneno 400, ya kwanza ni lazima na ya pili wachagua kati ya tatu. Ukitoa muda wa kusoma maswali umebakiwa na kama dakika 50 kwa insha moja, sasa mtu atafikiri saa ngapi? Anamwaga yale aliyoyaweka akiba, methali, misemo, tashbihi, jua linaaga, ndege wanaimba, msahihishaji anatoa maksi za lugha na mtindo na mambo yanaisha. Nimefundisha watoto hivo miaka mingi na ntaendelea manake mtihani ndo unavotaka, na hiyo A yako uliitolea jasho. Lakini komposisheni haikuulizi una methali ngapi. Inataka umchukue mtu ambae hajawahi kuiona bahari yetu, umkalishe kando ya baba yako mpaka amjue, alafu umwambie kitu ulichokigundua wewe kwa akili yako kuhusu huyo baba na kuhusu wewe. Wenzetu wanalichukulia somo hili kwa uzito, Harvard waliliweka lazima kwa mwaka wa kwanza tangu 1885 na vyuo vingine vikafuata, kwa hivyo hapo ulipo usione kama wanakupotezea muda na hadithi.

Sasa ile sentensi yako ya mwanzo. Mtoto wa Kisumu anaweza kuiandika, mtoto wa Eldoret anaweza, hata huyo anaelala kitanda cha pili hapo hosteli kwenu. Lakini wewe ni mtoto wa fundi wa Matondoni. Wewe wajua baba akikalafati anaichukua ile pamba yenye mafuta anaisokota kwa vidole, anaiweka kwenye mwanya wa mbao mbili, anaipiga na patasi iingie ndani kabisa. Anagonga vipi, pole pole au haraka haraka? Sauti ya nyundo inabadilika pamba ikishajaa, ama ni ile ile? Anaongea akiwa kazini au ananyamaza kimya mpaka adhuhuri? Wewe alikupa nyundo ukiwa na umri gani, na ulipokosea alikuambiaje, kwa maneno yake, sio kwa maneno ya kitabu? Na ile sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao, harufu yake ikishaingia kwenye nguo ufue utakavyofua haitoki, sasa baba akija skuli siku ya wazazi na harufu ile, wenzako wakageuka kuangalia, wewe ulifanya nini?

Hapo pa mwisho simama, usipite. Kama ulijificha andika kwamba ulijificha. Kama ulimkimbilia ukamshika mkono mbele ya watu wote andika hivo. Hapo ndo profesa atakapokuona, manake kwenye insha binafsi kuna watu wawili wenye jina moja, yule mtoto aliyesimama getini siku ile, na huyu kijana aliyeko Minnesota kwenye baridi anaemfikiria yule mtoto na anajua kitu ambacho yule hakukijua. Insha yenye mtoto peke yake ni kisa tu. Yenye kijana peke yake inakuwa hotuba. Wanataka wote wawili wakutane kwenye karatasi moja.

Na tafadhali usijaze kurasa kwa habari za kumuuzia mtalii, ati Lamu iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, ati punda wako wengi na vichochoro ni vyembamba. Hayo profesa atayapata kwenye simu yake, baba yako hatompata huko.

Alafu usije ukadhani hii ni tabia ya Wazungu tunaiga. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi kuhusu kuporomoka kwa mji wa Pate, hakuishia kusema utajiri umekwisha. Alituonesha yale madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani, sasa makinda ya ndege ndo yamelala humo. Daka moja, makinda mawili matatu, na wewe msomaji umeshauona mji mzima umekufa. Na muda wote huo anauambia moyo wake mwenyewe, sio mtu mwingine. Sasa wewe nyumba za mawe zenye madaka umezaliwa ukiziona, utashindwa vipi kuonesha mkono wa baba yako?

Rudi uandike upya, na uanze na ile nyundo.

*

Bi Mwalimu, assalam aleikum. Mimi ni binti wa Langoni, niko chuo kikuu hapa hapa Kenya. Kwenye somo la stadi za mawasiliano mwalimu ametuambia tuandike kuhusu kipindi kigumu maishani mwetu alafu tusome mbele ya wenzetu. Walionitangulia wamesoma mambo mazito, wazazi kuachana, baba mlevi, mmoja alilia na darasa zima likalia. Kwetu mambo ya nyumbani hayatoki nje. Mama akisikia nimeandika yaliyotupata atasema nimemvua nguo mbele za watu. Lakini nisipoandika kitu kizito naona nitafeli. Nibuni tu kisa?

Wa aleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya zote kwa sababu najua wako wasichana wengi wa kwetu wanaolala na swali hili na hawana wa kumuuliza, na wengine wanaishia kuandika insha baridi isiyo na kitu wanapata maksi duni wanaamini hawajui kuandika, na kumbe wanajua sana.

Nianze na hili: hakuna mwalimu mwenye haki ya kudai siri zako. Anachosahihisha ni uandishi, hasahihishi machungu. Insha juu ya jambo dogo iliyoandikwa vizuri itaishinda insha ya msiba iliyoandikwa ovyo, na mwalimu anaejua kazi yake analijua hilo. Wale wenzako waliosoma wakalia, hiyo ni njia yao, tusiwahukumu, pengine walihitaji kuyasema. Wewe huna lazima ya kupita njia hiyo.

Stara tuliyolelewa nayo hapa Amu watu wengine wanaiona kama kufuli mdomoni. Mimi naiona ni elimu, manake binti aliyelelewa kwenye stara ameshajifunza tangu mdogo kitu ambacho wanafunzi wengi wa uandishi wanakuja kukijua wakiwa wakubwa, yaani kipi ni changu cha kusema na kipi ni cha mwenzangu. Jiulize swali hilo kwa kila kitu unachotaka kuandika. Kama mama na baba waligombana, ugomvi ni wao. Lakini wewe uliyekuwa chumba cha pili unamfundisha mdogo wako hesabu ukiongeza sauti ili asisikie, ile hesabu ni yako, ile sauti ni yako, mdogo wako ukitaka mbadilishe jina. Waweza kuandika zile hesabu tu, kuzidisha kwa saba, na usiseme hata neno moja la kilichokuwa kinaendelea upande wa pili wa ukuta, na msomaji mwenye moyo ataelewa kwamba kuna kitu, na ataheshimu kwamba hukumfungulia mlango.

Kama hata hilo ni karibu sana, chagua kingine. Ugumu una sura nyingi. Ramadhani yako ya kwanza mbali na nyumbani, unafuturu peke yako kitandani na maji na tende, nje wenzako wanapika chapati na muziki juu. Siku ulivuka na boti kwenda Mokowe kupanda basi, mama hakukusindikiza mpaka jeti akasema ana kazi, na wewe ulijua hana kazi. Ama mama anaeshona kofia usiku, taa ameivuta karibu, vile vitundu vidogo anavipitia kimoja kimoja, kofia moja inachukua miezi, na wewe wajua ile kofia ikiuzwa pesa zinaenda wapi. Angalia, hapo umeshaandika kuhusu shida ya karo, umeandika mapenzi ya mama, umeandika na deni ulilonalo moyoni, na hakuna aliyevuliwa nguo. Hiyo ya kofia waweza hata kumsomea mama mwenyewe kwa simu kabla hujaipeleka darasani, na mimi nakushauri ufanye hivo, mtu ukimuandika mpe heshima ya kujua. Akikwambia toa sehemu hii, itoe.

Kubuni hapana. Insha binafsi inasimama kwa uaminifu, msomaji amekubali kukusikiliza kwa kuwa umemwambia haya yalikupata kweli. Ukitaka kubuni andika hadithi fupi na useme ni hadithi, hakuna dhambi. Kumbukumbu ikiwa na ukungu nayo sema ina ukungu, andika "sikumbuki kama ilikuwa kabla ya magharibi au baada," msomaji atakuamini zaidi kwa kulisema hilo. Maneno watu waliyosema miaka kumi iliyopita hakuna anayeyakumbuka yote, kwa hivyo andika yale uliyo na hakika nayo na mengine yaeleze kwa kifupi bila kuyafungia alama za mtu kunena.

Kuhusu kusoma mbele ya darasa, nenda kwa mwalimu ofisini kabla ya zamu yako, umuulize kwa adabu nani ataisoma insha hii, na kama waweza kumkabidhi yeye peke yake. Wengi wanakubali. Wanafunzi hawaulizi tu.

Na kama kuna atakaekwambia mwanamke wa kwetu haandiki habari zake, mwambie Mwana Kupona binti Msham aliandika, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akamwandikia binti yake utenzi wa nasaha, na ndani yake akataja ndoa yake mwenyewe na vile walivyoishi na mumewe Bwana Mataka. Alichagua mwenyewe la kusema na la kulinyamazia, na mpaka leo twamsoma.

*

Bi Mwalimu, hujambo? Swali fupi. Sekondari tulikatazwa kutumia "mimi" kwenye insha za Kiingereza za fasihi, sasa chuoni kwenye insha binafsi naruhusiwa? Ni mimi kijana wa Malindi.

Sijambo mwanangu. Unaruhusiwa, na ni lazima, utaandikaje habari zako bila wewe? Kule sekondari ulikuwa unachambua kazi ya mtu mwingine ndo wakakutaka ujitoe. Ila usianze kila sentensi na "mimi", soma aya yako na kama kila mstari unaanza na neno hilo hilo, geuza baadhi ya sentensi zianze na kile ulichokiona au ulichokisikia.

*

Dada yangu Mwalimu, salaam. Mimi ni mzazi niko Shella ya Malindi, mwanangu wa kiume yuko chuo Nairobi. Alikuja likizo nikamuona anaandika insha ya chuo kuhusu maisha yake, anaiandikisha ChatGPT, ile programu ya simu inayoandika yenyewe ukiiagiza, dakika mbili imemaliza, Kiingereza kizuri kweli, alafu yeye anabadilisha maneno mawili matatu anatuma. Nimemuuliza ameniambia mama siku hizi kila mtu afanya hivo. Mimi sijasoma sana lakini roho inakataa. Je ni makosa yangu kumzuia?

Dada yangu, salaam zimefika. Roho yako iko sawa kabisa, shikilia hapo hapo.

Vyuo vingi vinahesabu hilo kuwa ni udanganyifu, akishikwa anaweza kufeli somo zima, hilo la kwanza, na alijue vizuri. Lakini tuseme hashikwi. Ile programu haikumlea. Inakusanya maneno yaliyoandikwa na watu wengine duniani inayapanga kwa namna ambayo mara nyingi hupangwa, basi. Nshasoma insha ya namna hiyo ya kijana wa hapa Amu, imeandikwa upepo wa bahari ulikuja na harufu ya karafuu. Karafuu! Karafuu zinalimwa Pemba na Unguja, hapa sisi asubuhi harufu inayotupitia ni ya mahamri na mbaazi, na ya samaki forodhani, na ya punda, na huyo kijana amezaliwa na pua yake humu humu. Nilisikitika sana dada, manake alikuwa na mji mzima wa kuandika akauacha akachukua harufu ya kisiwa cha wengine. Na lile somo lenyewe lengo lake ni kumfundisha kufikiri akiwa na kalamu mkononi, sasa akimpa mwingine afikiri, karo unayolipa inamsomesha nani?

Usimzuie kwa kumgombeza lakini, mpe njia. Vijana wengi wanaikimbilia ile programu kwa sababu wakikaa mbele ya karatasi wanaambiwa waandike Kiingereza mwili mzima unaganda. Mwambie akutumie voisi WhatsApp, akusimulie kisa chenyewe kama anavyokusimulia siku zote, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kujali sarufi. Wewe mkatize na maswali ya mama, ulikuwa umevaa nini, nani mwingine alikuwepo, ukala nini, mbona hukuniambia. Alafu akae asikilize ile voisi na kuandika, kwanza kwa lugha ile ile aliyosemea, mwisho ndo aipeleke kwenye Kiingereza. Kiingereza kitakuwa na makosa yake, mwalimu atayasahihisha, ndo kazi yake. Wewe hujasoma sana umesema, lakini kwenye hili una msaada ambao hosteli nzima haina, manake ulikuwepo.

*

Shikamoo Bi Mwalimu, mimi niko chuo Marekani pia, kwetu Faza. Insha yangu binafsi nimeimaliza lakini profesa anataka rasimu ya kwanza, ya pili na ya mwisho. Mimi rasimu ya pili nilirekebisha spelingi na nukta tu, akaniambia hii ni ile ile. Sielewi anataka nini, kwa sababu maisha yangu hayajabadilika tangu wiki iliyopita.

Marahaba mwanangu. Maisha hayajabadilika, ila wewe uliyeandika rasimu ya kwanza ulikuwa hujui bado unachotaka kusema, na ndo faida ya rasimu ya kwanza, unajua ukishaimaliza. Michel de Montaigne, yule Mfaransa aliyechapisha insha zake za kujichunguza nafsi mwaka 1580 na ndie aliyeufungua uwanja huu kwa wenzake wa Ulaya, hakuziacha hata baada ya kuchapishwa. Ipo nakala yake ya toleo la 1588 ambayo pambizo zake amezijaza mwandiko wake mwenyewe, anaongeza na kufuta, na aliendelea hivo mpaka alipofariki 1592. Kitabu kimeshatoka na bado anaandika pembeni. Sasa wewe wiki moja?

Fanya hivi. Funga ile rasimu, usiiangalie kwa siku mbili. Kisha isome kwa sauti ukiwa peke yako na utafute mahali ambapo wewe mwenyewe umeshtuka, sentensi ambayo hukuipanga ila ilijitokeza tu. Mara nyingi iko katikati au karibu na mwisho, imejificha. Hiyo ipeleke juu, uanze nayo, na zile aya mbili za mwanzo ambazo ulikuwa wapasha kalamu moto zitoe, zitakuuma lakini zitoe. Angalia ni wapi umekimbia, mahali umesema "mambo yalikuwa magumu sana" ukaruka mpaka mwaka uliofuata. Hapo ndo profesa anataka ukae. Panua hapo hata kama itabidi ukate nusu ya vingine, insha ya maneno 1000 haiwezi kubeba maisha yote tangu Faza mpaka Marekani, asubuhi moja yatosha.

Alafu ile aya ya mwisho. Naitambua bila kuiona, inaanza na "Kutokana na tukio hili nilijifunza kwamba." Ifute. Kama umekiandika kisa vizuri profesa ameshakuelewa kabla hajafika hapo, na kama hakuelewa aya hiyo haitokuokoa, tatizo liko juu.

Spelingi na nukta ni kazi ya rasimu ya mwisho, nafasi kati ya mistari pia, na hati kama ni Times New Roman ukubwa 12 waliyokuambia basi iwe hiyo. Na vyuo vingi vya Marekani vina kituo cha uandishi ambapo unakaa na mtu mnaisoma insha yako pamoja bure bila malipo, wanafunzi wetu wanaona haya kwenda wakidhani ni cha wasiojua Kiingereza, na wanaozaliwa na Kiingereza ndo wanajaa humo. Weka miadi leo, ikikaribia wiki ya kukabidhi hutopata nafasi.